Mwavuli Ambao Haukuwamo Kwenye Picha

Siku ile nilihesabu watu kabla taa hazijazimwa, kwa kuwa tangu nilipoachiwa nyumba nikiwa mtoto sijawahi kukaa mahali bila kuhesabu. Safu ya mbele alikaa mke wa mwenye ukumbi, mama wa Kihindi mwenye miwani ya mviringo, akimenya chungwa. Nyuma yake walikaa wenye mabuibui, wake na mabinti wa wafanyabiashara wa karibu na soko. Katikati walikuwepo wanawake wa Kirumba na Igogo, Wasukuma, Wakerewe na Wajita, wengi wameshika vikapu kama watu waliokuwa wakipita tu njiani. Mlangoni alisimama mama mkata tiketi, mrefu, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa kuzuia wanaume. Kushoto kwangu alikuwepo jirani yetu, mke wa fundi wa reli. Kulia alikuwepo mdogo wangu, amevaa gauni langu bila kuniomba. Na nyuma ya pazia jeusi, pembeni mwa kitambaa cha picha, alikuwepo mwanamume mmoja. Huyo sikumhesabu, maana hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kumwona.

Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya wanawake. Picha zilikuwa za Kihindi, na sisi tulio wengi hatukujua hata neno moja. Siku nyingine mkalimani alisimama wazi ukutani, akatafsiri kwa sauti, watu wakamtania naye akawajibu. Jumatano aliingizwa kwa mlango wa nyuma kabla yetu, akaketi nyuma ya pazia na faneli kubwa la bati mdomoni, na hakutoka mpaka wa mwisho wetu awe amefika barabarani. Waume wa mji walikubali mpango huo. Mimi uliniudhi tangu nilipoelezwa. Kama aliweza kuiona picha kupitia upenyo wa pazia, basi aliweza kutuona na sisi.

Nilikuwa sijawahi kuingia sinema. Baba alikuwa mpagazi katika bandari ya Mwanza, akibeba marobota ya pamba. Mama alikuwa dobi, akifulia na kupigia watu pasi. Walifariki msimu mmoja wa mvua, wakifuatana kwa wiki tano, mimi nikiwa darasa la nne. Mdogo wetu wa mwisho alichukuliwa na baba mkubwa, Sengerema. Mimi niliacha shule, nikaishika pasi ya mama na mkono wa mdogo wangu wa kike, na miaka yote iliyofuata sikuviachia. Starehe nilizijua kwa kuzipiga pasi: magauni ya watu waliokuwa wakienda huko.

Kilichonipeleka ukumbini ni sentensi moja. Mdogo wangu alikuwa amekwenda huko Jumatano tatu mfululizo, picha ile ile, akirudi na macho ya mtu aliyetoka safari. Jumapili nilirudi kutoka kuanika nguo kwenye mawe ya ziwani, nikamuuliza kama kuna maji ya kuoga. Akanijibu bila kugeuka, akichambua mchicha:

"Maji yapo. Maneno yatachemka ukishaoga."

Nilitua beseni chini. Hayo yalikuwa maneno ya mama. Kila jioni baba alipofika kutoka bandarini, kabla hajavua viatu, alimuuliza: "Leo umenichemshia maji, au umenichemshia maneno?" Naye mama alijibu hivyo hivyo, neno kwa neno. Mdogo wangu wakati huo alikuwa na miaka sita, na alilala kabla baba hajarudi. Mimi sikuwahi kumsimulia. Yalikuwa yangu, nami nilikuwa mchoyo nayo.

"Umeyatoa wapi hayo?"

"Kwenye picha, dada. Yule bwana anamuuliza mwalimu, na mwalimu anamjibu."

"Mwalimu gani?"

"Twende Jumatano umwone mwenyewe. Au unaogopa utacheka?"

Sikuogopa kucheka. Niliogopa jambo jingine, na lazima nilieleze hapa. Wiki mbili kabla, mshenga alikuwa amekuja kuleta posa ya mdogo wangu. Mposaji alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba Kisesa, kijana safi, mwenye ng'ombe kwa baba yake na asiyekunywa pombe. Alipokuja kujionyesha alikaa kwetu tangu saa nane hadi saa kumi na moja, akasema "asante" mara mbili na "ndiyo" mara moja. Mimi nilimpenda kwa ajili hiyo. Mtu asiyesema sana hana pa kufichia uongo. Jibu lilitakiwa Jumamosi, nami moyoni nilikuwa nimeshakubali. Mdogo wangu alikuwa amekataa.

"Nitakaa naye miaka hamsini tunasikilizana tukitafuna?"

"Baba yako naye alikuwa mtu wa kazi, si wa porojo."

Nilimwambia hivyo nikijua kwamba ni uongo. Sasa, nikisikia maneno ya mama kinywani mwake, nilianza kupanga mambo jinsi ninavyopanga nguo za watu. Kuna mwanamume nyuma ya pazia. Mwanamume huyo anajua yaliyosemwa nyumbani kwetu. Mdogo wangu anakwenda kumsikiliza kila wiki, na tangu aanze hataki kuolewa na mtu wa heshima. Anayetaka kuingia nyumba ya watu hutafuta kwanza kujua lugha ya nyumba hiyo.

Njiani kuelekea ukumbini nilimdokeza jirani yetu. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka ishirini na hakuna kitu kilichomshangaza.

"Labda ni mizimu ya wazazi wako," alisema.

"Mayu, usinitanie," nilisema, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Sikutanii. Ila mizimu haikati tiketi. Tuliza moyo, utazame picha."

Taa zilipozimwa nilitazama picha kwa jicho moja na pazia kwa jicho la pili. Nikiri kwamba jicho la picha lilinishinda. Hadithi yenyewe haikuwa na kitu. Fundi saa na mwalimu wa kike wamepanga vyumba viwili vyenye baraza moja, na katikati ya baraza pana ubao wa matundu matundu. Kila jioni yeye anakaa upande huu na saa zake, mwanamke upande ule na madaftari ya wanafunzi, wanazungumza. Basi. Mwalimu amepewa uhamisho, mwisho wa mwezi ataondoka, na fundi saa anazungumza habari zote za dunia ila lile neno moja. Nyimbo zilikuwa mbili na fupi. Hakuna aliyekimbizwa, hakuna aliyepigwa hata kofi. Jirani aliniambia kwamba wiki ya kwanza wanawake walitaka kurudishiwa viingilio vyao. Wiki ya pili walikuja na dada zao.

Nilielewa kwa nini. Wengi wetu humo tulikuwa tumeozwa au tutaozwa kwa mazungumzo ya watu wengine: baba na baba mkubwa, mshenga na shangazi, ng'ombe wakitajwa mmoja mmoja kwa rangi zao. Hatukuwahi kuona mwanamume ameketi jioni baada ya jioni akitafuta la kumwambia mwanamke mmoja, halafu akasubiri jibu. Kule kusubiri ndiko kulikotunyamazisha. Mwalimu alipoinua macho kutoka kwenye daftari, ukumbi mzima uliacha kutafuna.

Kisha sauti ya bati ikasema, fundi saa akifungua mdomo:

"Leo umenichemshia maji, au umenichemshia maneno?"

Nilitazama picha kwa macho yote mawili. Mwalimu alikuwa ameshika kalamu. Hapakuwa na sufuria wala moto, na kwa nini mwalimu amchemshie maji jirani asiye mumewe? Wanawake hawakujali. Walijibu pamoja na sauti, kama watu waliokariri somo: "Maji yapo." Mdogo wangu alikuwa mmoja wao.

Baadaye kidogo fundi saa na mwalimu walikuwa wamekaa kimya, jua kali likipiga baraza. Mwalimu akasema jambo fupi, fundi akacheka. Sauti ikatafsiri:

"Nimekusamehe yote, ila mwavuli wangu."

"Mwavuli ulichukuliwa na ziwa."

"Ziwa lilijuaje kwamba ni wangu?"

"Lilisoma jina."

"Basi lina elimu kukuzidi."

Ukumbi ulicheka mpaka mke wa mwenye ukumbi akageuka kututazama kwa mshangao, maana yeye, aliyejua Kihindi na hakuisikiliza sauti ya bati, hakuwa amesikia la kuchekesha. Mimi sikucheka. Mama alikuwa na mwavuli mweusi wenye mpini wa mbao, aliouandika jina lake kwa msumari wa moto. Baba aliupoteza. Alisema ulipeperushwa akiwa kwenye mtumbwi. Kwa miaka miwili, karibu kila wiki, mama alimdai, na walidaiana kwa maneno hayo hayo, hata mimi nilipokuwa nimelala niliwasikia. Walioyajua walikuwa watatu. Wawili niliwazika mimi.

Picha ilipokwisha na taa kuwashwa, nilikwenda mbele moja kwa moja.

"Mama, samahani. Kwenye picha hii kuna mwavuli?"

Mke wa mwenye ukumbi alifuta miwani. "Mwavuli? Hapana. Mvua yenyewe haikunyesha hata kidogo."

"Na maji ya kuchemsha?"

"Maji gani? Yeye anamwambia macho yake yanafanana na taa ya msikiti. Basi, mambo ya mapenzi. Kwa nini unauliza?"

Ningeweza kumjibu polepole. Ningeweza kumwomba tuongee pembeni. Lakini nilikuwa nimelea mtoto nikiwa mtoto, na nilikuwa nimejifunza kwamba msichana yatima akisema polepole hasikiwi. Niligeukia ukumbi, na kwa sauti niliyotumia kumfukuza mbwa kwenye nguo nilizoanika, nikasema kwamba mtu yule hatafsiri picha. Nikasema anayasema maneno ya nyumbani kwangu, ya mama yangu na mwavuli wa mama yangu, aliyoyaiba sijui wapi. Nikasema ametumia pazia la heshima kumtongoza mdogo wangu mbele yetu sote, na kesho atamtongoza binti wa mwingine.

Wenye mabuibui walisimama kwanza. Hapo ndipo nilipoona uzito wa nilichosema. Waume wao waliwaruhusu kuja kwa sababu ya lile pazia. Neno hilo lingefika nyumbani, Jumatano isingekuwepo tena. Mke wa mwenye ukumbi alilijua hilo kabla yangu. Alikwenda mpaka kwenye pazia, hakulifungua, akasema kwa Kiswahili ili tusikie:

"Wewe, usirudi kesho."

Tulisikia faneli likiwekwa chini juu ya saruji, taratibu, kama kitu cha kuvunjika.

Njia nzima mdogo wangu alitembea hatua kumi mbele yangu. Tulipofika alivua gauni langu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya pasi.

"Sijawahi kumwona yule mtu, dada. Hata kivuli."

"Maneno ya mama aliyapata kwa nani?"

"Ni ya mama?" Aligusa gauni kwa kidole. Kisha akasema, "Kwa hiyo uliyajua siku zote, ukaninyima."

Nilimwambia tu kwamba Jumamosi mshenga atakuja na jibu litakuwa ndiyo.

Ijumaa mchana, baada ya watu kutoka msikitini, nilikuwa napiga pasi uani pale jirani alipopita na kuniambia kwamba kuna mtu ananiulizia Igogo nzima. Hakuwa amepata shida kunipata. Kila mtu alikuwa ameshasikia habari za mwanamke aliyepiga kelele sinema. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, kanzu iliyopauka, kitu kirefu kimefungwa gazeti mkononi. Alisimama nje ya uzio wa mabua na hakuingia. Alikuwa na umri wa kuamkiwa. Sikumwamkia.

"Wewe ni binti wa dobi," alisema.

Niliijua sauti hata bila bati.

"Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Ulisema mwavuli wa mama yako. Mimi mwavuli wa namna hiyo naujua mmoja tu."

Jirani alivuta kigoda akaketi kati yetu, kama mtu aliyekuja kutazama sehemu ya pili. Yule bwana alisema kwamba zamani alikuwa mpangaji katika nyumba yetu ya mtaa wa Mlango Mmoja, chumba cha pili. Nilikumbuka kwamba tulikuwa na mpangaji, aliyetoka alfajiri kwenda kuuza duka la Mhindi na kurudi magharibi, lakini uso wake sikuwahi kuutia maanani. Na nyumba ile ilikuwa kama nyumba nyingi za mji: kuta za vyumba zilifika usawa wa mkono ulionyooshwa, zikaishia hapo, na juu yake paa moja la wote.

Nilimjaribu. "Baba yangu alikaa upande gani akila?"

"Sijui. Sikuwahi kumwona akila."

"Mama alivaa nini?"

"Binti, mimi sikuona kitu. Nilisikia." Akafikiri. "Mama yako kabla ya kujibu alikuwa akigonga pasi mara mbili, kumwaga majivu. Baba yako anauliza, pasi inagonga ko-ko, halafu jibu. Mimi kitandani nilikuwa nasubiri hiyo ko-ko kama wewe juzi ulivyosubiri yule mwalimu ainue macho."

Jirani alinitazama mkono. Nilikuwa nimeinua pasi, na nilikuwa nimeigonga mara mbili ukingoni mwa meza. Nadhani nilifanya hivyo kila siku ya maisha yangu bila kujua nilikopata.

Sikushawishika bado. Nilimuuliza kwa nini ayatie maneno ya marehemu kwenye picha ya watu.

Alisema Kihindi alichokijua kilikuwa cha dukani. Leta, pima, funga, ghali, kesho, usiguse. Kwa picha za majambazi kilimtosha, kwa kuwa mtu anayepigwa hafichi kitu. Ile ya fundi saa ilipoletwa alikaa nyuma ya pazia akagundua kwamba haelewi lolote.

"Watu wawili wamekaa wanaongea saa mbili, wanawake sitini wananisubiri. Duka haliuzi mapenzi. Mimi mwenyewe sijaoa. Mazungumzo ya mume na mke niliyowahi kuyasikia kwa masikio yangu, ya watu wanaopendana, ni ya chumba cha wazazi wako tu. Nikayasema. Niliona wenyewe wameshakufa, hawatadai."

"Na mwavuli?"

Hapo alitazama chini. Alisema mvua za mwaka mmoja alipata habari kwamba mama yake amefariki, Ukerewe. Alikuwa anatoka na nguo aliyokuwa nayo mwilini. Baba alimkuta mlangoni, akaingia ndani, akatoka na mwavuli wa mama bila kumwambia mwenyewe, akampa. Kwenye mtumbwi wa kwenda Nansio upepo uliukunja, ukaung'oa mkononi mwake. Aliporudi baada ya arobaini alimkuta mama amekwishaanza kudai, na baba amekwishasema kwamba ni yeye aliyeupoteza.

"Nilimfuata bandarini nikamwambia nitanunua mwingine, nimpe mama mwenyewe, niombe radhi. Alikataa. Unajua alisema nini?"

"Niambie."

"Alisema, 'Usilipe. Akishalipwa, jioni tutaongea nini?'"

Jirani alicheka mpaka akajishika goti. Mimi niliiweka pasi chini, kwa kuwa nilikuwa karibu kuunguza shati la mtu. Hilo neno sikuwahi kulisikia. Ndilo neno la pekee la baba nililolipata tangu nilipomzika, na lililetwa na mtu niliyemfukuzisha kazi.

Alisema alihama kufuata duka jingine Nansio. Aliporudi Mwanza wazazi walikuwa wamezikwa na chumba kina watu wengine. Watoto, aliambiwa, wamechukuliwa na ndugu. Aliununua mwavuli hata hivyo. Alikaa nao miaka. Na kila Jumatano, jua likiwaka kwenye ile baraza ya picha, mwavuli ulimtoka mdomoni wenyewe.

Alifungua gazeti. Ulikuwa mweusi, mpini wa mbao, haujawahi kufunguliwa. Aliupitisha juu ya uzio wa mabua. Mdogo wangu, ambaye sikujua amesimama mlangoni tangu lini, ndiye aliyeupokea.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu."

Nilimkaribisha ndani. Alisema hapana, waliokwisha kusemwa hawaingii nyumba yenye wasichana wawili. Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliniuma. Nilimwambia Jumatatu nitakwenda kwa mwenye ukumbi kulikanusha neno langu. Alitikisa kichwa, akanitakia heri, akaenda.

Jioni hiyo mdogo wangu alinitaka nimwambie yote, nami nilimwambia, mpaka hata yale niliyodhani nimeyasahau. Nilipokuwa nikimwambia nilisikia jinsi alivyokuwa akisubiri kila jibu. Nikajua kwamba picha haikumharibu. Alikuwa ametamani kitu kilichokuwepo nyumbani kwao, na mimi niliyekijua ndiye niliyetaka kumwoza bila hicho, kwa sababu ukimya ulinipa usingizi.

Mshenga alikuja Jumamosi na kofia mpya.

"Nimekuja kusikia neno zuri," alisema.

"Shikamoo, baba. Neno ni kwamba mwenyewe hajaafiki, na mimi simlazimishi."

"Kijana ana kasoro gani?"

"Hana hata moja."

"Sasa?"

"Mwenyewe anataka mtu wa kuzungumza naye."

Mzee aliivua kofia yake mpya. "Hivi vitu vya sinema," alisema, "vitatumaliza." Hata hivyo alikunywa uji wake wote, na aliagana nasi vizuri. Mdogo wangu aliolewa mwaka uliofuata Uhuru na mtu wa meli anayezungumza tangu alfajiri. Nilimshuku kwa miaka mingi, na bado sijaacha kabisa.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenye ukumbi. Mke wake alinisikiliza mpaka mwisho, dukani kwao, mbele ya wateja.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini ulisema mbele ya wanawake sitini. Sasa unakanusha mbele ya watu wanne na gunia la sukari. Nitawaambia nini waume zao?"

Nilimwomba anipe nafasi Jumatano, nisimame pale pale. Akasema hakuna Jumatano. Wenye mabuibui walikuwa wamekatazwa, na wengine bila wao hawakutosha kuwasha mashine. Miezi mingi wanawake wa Kirumba walinipita kisimani wakiambiana, nisikie: "Maji yapo. Maneno tumenyang'anywa." Jirani yetu pekee ndiye aliyenitania usoni, na kwa hiyo ndiye niliyeweza kumvumilia.

Yule bwana sikumkuta tena. Chumba alichokuwa amepanga kilikuwa kimefungwa, na mwenye nyumba alisema amepanda meli ya Nansio. Niliweka akiba ya kazi yangu, nikasafiri, mara yangu ya kwanza kuvuka maji. Nansio walimjua. Walisema alikaa kidogo, kisha akaenda Bukoba kufanya kazi kwa mwenye duka, na kwamba siku hizi haongei sana. Nilirudi na meli ile ile. Miaka michache baadaye mtu alisema amemwona Musoma. Niliandika barua, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, na haikujibiwa.

Mwavuli anao mdogo wangu. Mumewe anaudhani kuwa wa mama, nasi hatujamsahihisha. Mimi kilichobaki kwangu ni ile sauti niliyoitoa ukumbini. Mtu alibeba deni la mwavuli miaka yote ile, na siku alipomwona wa kumlipa alilipa bila kuulizwa, siku mbili baada ya mimi kumtoa kazini. Mimi nimekwenda mara mbili zaidi ng'ambo kumtafuta. Neno langu nililisema mbele ya watu, na nitamlipa mbele ya watu, nikimpata akiwa hai. Mwezi uliopita nilisikia habari za mzee mmoja wa Bukoba anayewasomea watu barua zao pale gatini. Meli ya Bukoba huondoka Alhamisi.